Pima Wimbo, Mpokee Mtu: Safari ya Hip Hop Hadi Madhabahuni

 

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko ule mliouzoea kila asubuhi. Tafadhali usiusome ukiwa unashuka matatu. Tafuta nafasi, weka chai kando, tutembee pamoja hadi mwisho.

Jumapili ile vijana walipoongoza sifa, mama mmoja alinisubiri mlangoni. Mama huyu ameliombea kanisa letu tangu tukiwa chini ya hema, kabla hata hatujapata mabati. Hakunifokea. Alinishika mkono akaniuliza, "Pasta, nisaidie mimi mzee. Wale watoto walipoanza kurapu pale mbele, nilishindwa kujua kama niinue mikono au nitoke nje. Ile ni ibada kweli?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia, "Mama, nipe wiki moja." Ujumbe huu ndio jibu langu kwake. Pia ni jibu kwako wewe uliyekuwa na swali hilohilo ukanyamaza, na kwako kijana uliyeshika maiki ukaona nyuso za wazee zikibadilika.

Mimi mwenyewe nilikulia katikati ya swali hili. Nilipookoka nikiwa sekondari, miaka ya 90, mhubiri wa kambi yetu alituambia tulete kaseti zote za rapu. Tulizichoma nyuma ya bweni tukiimba. Sijutii sana, maana baadhi ya maneno yaliyokuwa mle ndani hayakumfaa mtoto wa miaka 15. Lakini siku hiyo niliondoka na somo ambalo hakuna aliyenionyesha kwenye Biblia: kwamba shetani anakaa ndani ya mdundo. Somo hilo baadaye lilimgharimu mtu mwingine. Nitakuambia habari zake tukifika huko mbele.

KWANZA, NIJIREKEBISHE

Wengi wenu mmenisikia madhabahuni nikisema kwamba Martin Luther alichukua nyimbo za walevi kwenye baa, akabadilisha maneno, akazileta kanisani. Nimelisema mara nyingi, hasa nikiwatetea vijana. Nilifundishwa hivyo, nami nikafundisha hivyo. Nimekaa chini nikachunguza, na si kweli.

Wanaochunguza muziki wanaeleza kwamba kosa lilitokana na neno moja. Wajerumani wana muundo wa wimbo unaoitwa "bar". Ubeti unaanza na sehemu mbili zenye tuni moja, kisha sehemu ya tatu inakwenda na tuni nyingine. Luther aliupenda muundo huo. Watu wakasikia "bar", wakafikiria mahali pa pombe, na hadithi ikasambaa kutoka mimbari hadi mimbari mpaka ikafika kwangu.

Ukweli ni mdogo zaidi, lakini una mafunzo. Kuna wimbo wake wa Krismasi uliotoka mwaka 1535 ukiwa na tuni ya wimbo wa kawaida wa watu. Mwaka 1539 wimbo huohuo ukachapishwa na tuni nyingine, na hiyo ndiyo inayoimbwa hadi leo. Maana yake ni kwamba hata wazee wetu wa imani waliazima, na pia walibadilisha walichoazima.

Nimeanza hapa kwa sababu hatuwezi kutetea jambo jema kwa hadithi isiyo kweli. Naomba mnisamehe. Sasa tuangalie yale yaliyotokea kweli.

CHICAGO, 1932

Kabla ya hip hop, kulikuwa na kesi nyingine iliyofanana nayo sana. Kuna mtu aliitwa Thomas Dorsey, aliyezaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1899. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Lakini kijana alipofika Chicago alijulikana kwa jina la Georgia Tom, mpiga piano wa bluzi, muziki wa vilabu vya usiku. Alimpigia Ma Rainey, mwanamke aliyeitwa mama wa bluzi. Mwaka 1928 alitoa, pamoja na mwenzake, wimbo uliouzwa sana na ambao hungependa mtoto wako aujue.

Dorsey alipoanza kuandika nyimbo za Yesu, vidole vyake havikubadilika. Piano ilikuwa ileile ya bluzi, na maneno yalikuwa ya wokovu. Makanisa makubwa ya watu weusi mjini yalikuwa yamejitahidi kuwa na kwaya za heshima zinazoimba nyimbo za Kizungu kwa utaratibu. Walimwona kama mtu aliyeleta klabu kanisani. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alifukuzwa katika baadhi ya makanisa.

Mwezi wa Agosti 1932 alikuwa mbali, mjini St. Louis, katika mkutano wa injili, telegramu ikamfikia. Mkewe Nettie alikuwa amefariki akijifungua. Alirudi nyumbani, na mtoto naye akafa. Katika siku zile za msiba aliandika wimbo "Take My Hand, Precious Lord", ombi la mtu aliyechoka anayetaka Bwana amshike mkono amfikishe nyumbani. Mwaka 1968 Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King. Dorsey aliongoza kwaya ya kanisa la Pilgrim Baptist, Chicago, kwa miaka mingi, na leo dunia nzima inamwita baba wa muziki wa gospel.

Mpendwa, nataka ukae hapo kidogo. Ule muziki ambao leo tunauita "gospel ya zamani", ule ambao wazee wetu wanasema ndio wenye upako kuliko huu wa siku hizi, ulifukuzwa kanisani ulipokuwa kijana. Hata gitaa hapa kwetu, wengi wenu mnakumbuka wazee wakisema ni chombo cha dansi. Na kabla ya gitaa, wamishonari wengi waliwaambia babu zetu waache ngoma nje ya kanisa. Leo seti ya ngoma iko pembeni ya mimbari na hakuna anayeuliza.

BRONX, 1973

Sasa tuje kwenye hip hop yenyewe. Ilianzia Bronx, mjini New York. Barabara kuu ya Cross Bronx ilikatwa katikati ya mitaa kati ya mwaka 1948 na 1972, na maelfu ya familia wakahamishwa. Miaka ya 70 majengo mengi ya Bronx Kusini yaliungua, kazi zikapotea, na watoto wakabaki mitaani. Sihitaji kukueleza zaidi. Ukikaa Nairobi unaujua mtaa wa namna hiyo.

Tarehe 11 Agosti 1973, msichana mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa sherehe katika ukumbi wa jengo walilokaa, 1520 Sedgwick Avenue. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na alitaka pesa za nguo mpya. Wasichana walilipa senti 25, wavulana senti 50. Aliyepiga muziki alikuwa kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaica, aliyejulikana kama DJ Kool Herc.

Herc alikuwa ameona jambo. Wachezaji walikuwa wanasubiri ile sehemu fupi ya wimbo ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Basi akachukua santuri mbili zinazofanana, akawa anarudia sehemu hiyo kutoka moja hadi nyingine, ikawa ndefu. Juu ya ngoma hizo watu wakaanza kusema maneno kwenye maikrofoni. Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Kwa hiyo mama yangu, mdundo ule haukutoka kwa mganga. Ulitoka kwa msichana aliyetaka nguo za shule na kaka aliyemsaidia.

Mwaka 1979 ulitoka "Rapper's Delight", na hip hop ikaingia redioni. Mwaka 1982 Grandmaster Flash and the Furious Five wakatoa "The Message", wimbo unaoeleza maisha ya ghetto bila kuyapamba: uchafu, madeni, kijana anayeishia jela. Ukiwa msomaji wa Biblia utaona kwamba hilo si jambo geni. Kitabu cha Maombolezo kinafanya vivyo hivyo. Nabii anatembea kwenye mji ulioharibika na kutaja anachokiona, watoto wakiomba chakula na hakuna wa kuwapa. Kabla hip hop haijawa biashara kubwa, ilikuwa kilio. Na kilio, mpendwa, kiko karibu sana na maombi.

Walokole walisikia mapema. Mwaka 1985 Stephen Wiley wa Oklahoma alitoa "Bible Break", moja ya kazi za kwanza kabisa za rapu ya Kikristo, akiwafundisha watoto vitabu vya Biblia kwa mdundo. Lakini makanisa mengi yalibaki yakitazama kwa mbali, na wakati huohuo kampuni za muziki hazikutazama kwa mbali. Ziliingia na pesa. Pesa zikagundua kwamba matusi, bunduki na kuwadhalilisha wanawake vinauzwa. Kufikia miaka ya 90, kilio kilikuwa kimechanganywa na sumu.

HARLEM, MARA MBILI

Hapa kuna habari mbili za mtaa mmoja, Harlem. Naomba uzisome pamoja.

Ya kwanza ni ya mwaka 1993. Mchungaji Calvin Butts wa kanisa la Abyssinian Baptist, mojawapo ya makanisa ya watu weusi yenye jina kubwa Marekani, alichoshwa na maneno aliyoyasikia. Akatangaza kwamba angezikanyaga kaseti na CD za rapu chafu kwa ile mashine nzito ya kushindilia lami. Siku ilipofika, mwezi wa Juni, watu wengine walijitokeza kumpinga. Mwishowe mashine haikuzikanyaga. Yeye na wenzake walizibeba wakazimwaga mbele ya ofisi za Sony, kampuni kubwa ya muziki. Butts alieleza kwamba hakuwa anapinga rapu yote. Alikuwa anapinga maneno yanayowatukana wanawake na kusifu kuua.

Usimcheke mchungaji huyu. Kuhusu maneno, alikuwa sahihi, na mimi kama baba wa wasichana ningesimama naye. Lakini naona jambo jingine pia. Alianza na mashine mbele ya vijana wa mtaa wake, akamalizia mlangoni kwa wenye faida. Mimi nadhani mwisho wake ulikuwa bora kuliko mwanzo wake.

Ya pili ni ya mwaka 2004. Mitaa michache tu kutoka hapo, katika kanisa la Greater Hood Memorial AME Zion, ilianza ibada iliyoitwa Hip Hop Church. Mmoja wa walioianzisha alikuwa Kurtis Blow, mtoto wa Harlem. Huyu si mwimbaji mdogo. Mwaka 1979 alikuwa mwanarapu wa kwanza kusainiwa na kampuni kubwa ya rekodi, na wimbo wake "The Breaks" wa mwaka 1980 uliuzwa mpaka ukapata tuzo ya dhahabu. Alikuwa amempokea Yesu, na mwaka 2009 akawekwa wakfu kuwa mhudumu wa injili. Mwaka uleule wa 2004, kanisa moja la Kianglikana kule Bronx lilianza kuadhimisha Meza ya Bwana kwa hip hop. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 30 tangu ile sherehe ya Cindy, mdundo ukarudi nyumbani na kukuta mkate na kikombe vimeandaliwa.

Mwezi wa Februari 2013, Lecrae alishinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya gospel akiwa mwanarapu. Muziki wa Dorsey uliofukuzwa ulikuwa umekuwa mwenye nyumba, na sasa ulikuwa unamfungulia mlango mgeni mwingine.

NAIROBI, NA DAFTARI MOJA

Turudi kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 90, vijana watatu wa Dandora waitwao Kalamashaka walitoa "Tafsiri Hii". Walirapu kwa Kiswahili na Sheng juu ya maisha ya mtaa ambao wengi wanaujua kwa sababu ya jaa la taka. Kabla yao wengi tulidhani rapu lazima iwe na Kiingereza cha Marekani. Kutoka Dandora hiyohiyo, kwenye kundi la Ukoo Flani Mau Mau, akatoka Juliani. Baada ya kuokoka hakuacha kurapu. Mwaka 2008 alitoa albamu ya "Mtaa Mentality", na mwaka 2011 "Pulpit Kwa Street". Hebu sikia jina hilo la pili. Linaitaka mimbari ishuke barabarani.

Miaka hiyohiyo mimi nilikuwa mchungaji wa vijana, nikiwa nimetoka chuo cha Biblia na vyeti vyangu mkononi. Siku moja kijana wa kama miaka 17 alikuja ofisini na daftari la shule lililokunjwa katikati. Ndani yake alikuwa ameandika mistari juu ya nabii Yona, jinsi alivyokimbia na jinsi Mungu alivyomfuata hadi tumboni mwa samaki. Alikuwa ameokoka miezi miwili tu. Aliomba aiseme Jumapili.

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Ilikuwa nzuri. Lakini nilifikiria wazee watasema nini, na ule moto wa nyuma ya bweni ukanirudia. Nikamwambia, "Kijana, nyoa kwanza, tafuta shati la heshima, ujiunge na kwaya. Hayo mambo ya rapu uyaache huko nje."

Alinyoa. Alitafuta shati. Alisimama nyuma ya kwaya Jumapili tatu, akifungua mdomo bila sauti kutoka. Ya nne hakuja. Na mimi, mchungaji wake, sikumfuata.

Unakumbuka 1 Samweli 17, Sauli alipomvika Daudi mavazi yake ya vita? Daudi alijaribu kutembea nayo akashindwa, akayavua. Nimehubiri andiko hilo mara nyingi nikijiona mimi ni Daudi. Siku ile mimi nilikuwa Sauli.

Mwaka jana nilipanda matatu kwenda mjini. Kondakta akaniangalia sana, akasema, "Pasta, umenisahau?" Alikuwa yeye, sasa ni baba wa watoto wawili. Tuliongea kutoka kituo kimoja hadi kingine. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilipotoa nauli aliikataa. Nilipokuwa nikishuka akasema, "Lile daftari bado ninalo." Nilimwomba aje kanisani. Alicheka akapiga mkono kwenye mlango, gari likaenda. Bado sijamwona. Naliombea jina lake kila siku, na leo nawaomba mniombee pamoja naye.

LAKINI KUNA SHIMO UPANDE WA PILI

Kijana, usishangilie bado. Makanisa yetu ya mjini yalipogundua kwamba rapu inajaza viti, mengine yaliruka kutoka shimo moja hadi jingine. Mtoto aliyeokoka Jumatatu alipewa jukwaa Jumapili kwa sababu ana mashabiki. Hakuna aliyemuuliza kama anasoma Neno, kama amekula, kama ana mtu wa kumpigia simu usiku majaribu yakija. Tulimpa taa na spika, hatukumpa baba. Na alipoanguka, sisi tuliompigia makofi ndio tuliokuwa wa kwanza kusambaza picha.

Kumfukuza mtoto mlangoni ni kosa. Kumwingiza ndani ili umtumie kisha umtupe ni kosa lilelile lililovaa suti.

NENO LINASEMAJE

Swali la mama si jipya. Soma Matendo ya Mitume 15. Watu wa Mataifa walikuwa wanamgeukia Mungu, wakija na desturi zao. Wengine wakasema lazima wawe Wayahudi kwanza. Mitume na wazee wakakutana Yerusalemu wakajadiliana sana. Angalia uamuzi uliotolewa na Yakobo katika mstari wa 19 na 20. Sehemu ya kwanza, wasiwatwishe mzigo wale wanaomrudia Mungu. Sehemu ya pili, wawaandikie wajiepushe na mambo fulani, yakiwemo unajisi wa sanamu na uasherati.

Umeona? Mtu alipokelewa mzima, na mipaka ikawekwa. Kanisa la kwanza lilifanya yote mawili katika barua moja. Sisi tumegawana. Wazee wamechukua mipaka, vijana wamechukua mapokezi, kila upande unaushangaa mwingine.

Kwa hiyo, hivi ndivyo tutakavyopima kila wimbo kanisani petu, uwe wa rapu au wa Tenzi za Rohoni:

1. Maneno yanasema nini? Je, ni kweli mbele za Mungu, na yanaeleweka? Katika 1 Wakorintho 14 Paulo anataka kuimba kwa roho na kwa akili pia. Kama nusu ya kanisa haikusikia neno hata moja, tumepiga kelele tu.

2. Anayeimba analelewa na nani? Awe na mtu mzima anayemjua kwa jina, anayekaa naye katika ushirika wa nyumbani, anayeweza kumwambia "mwanangu, hapo umekosea" naye akasikia.

3. Mwili wa Kristo unajengwa? Mama wa miaka 70 na mtoto wa miaka 17 wote ni mwili mmoja. Wimbo unaomdharau mmoja wao haujapita, hata kama mdundo ni mtamu.

Na tusidhani nyimbo za zamani ziko salama. Katika Amosi 5 Mungu anakataa kusikiliza nyimbo na vinanda vya watu wake, na nyimbo hizo zilikuwa za hekaluni kabisa. Sababu yake ni kwamba haki ilikuwa imekauka nje ya mlango. Mungu anaweza kuikataa kwaya yenye majoho kama anavyoweza kuikataa rapu.

JIBU KWA MAMA

Sasa mama yangu, najua binti yako atakusomea ujumbe huu.

Nilienda kwa wale vijana nikawaomba daftari lao. Unajua walichokuwa wanarapu Jumapili ile? Ilikuwa Zaburi ya 121. Ile ya kuinua macho kuitazama milima, ambayo wewe huisema kila kesha linapoanza. Waliiandika upya kwa maneno yao, wakamtaja Mlinzi asiyesinzia anayelinda mtoto akitoka shule usiku kupita vichochoro vyetu. Ulikuwa unaomba nao na hukujua.

Na hukujua kwa sababu ya kosa letu. Spika zilikuwa juu mno, Sheng ilikuwa nyingi mno, na hakuna aliyesimama kusema wanaimba nini. Nimewaambia hivyo, na wamekubali. Kuanzia sasa andiko litasomwa kwanza kwa Kiswahili, ndipo waanze. Na sauti itapunguzwa, fundi wa mitambo ameshapewa maagizo.

Jumamosi hii saa tisa alasiri watakuja kwako, watatu. Watakusomea mistari yao polepole bila mdundo. Wewe utawaambia penye kasoro, kisha utawawekea mikono na kuwaombea. Nimewauliza kama wako tayari, wakasema ndiyo. Swali lao lilikuwa moja tu, kama kutakuwa na chai na mandazi. Nikawaambia hawamjui mama.

Uliniuliza kama ile ni ibada. Mama, mdundo peke yake haukuwa ibada, na kinanda peke yake hakijawahi kuwa ibada. Lakini moyo wa yule mtoto aliyekuwa akilia nyuma ya maiki, huo nimeuona kwa macho yangu. Nimeukataa mara moja maishani mwangu, ukiwa na daftari mkononi. Siwezi kuukataa tena.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, tusamehe watoto tuliowaacha mlangoni, na wale tuliowatumia bila kuwalea. Tupe masikio ya kupima kila wimbo kwa Neno lako, na mikono ya kumpokea kila anayeuleta. Wakumbuke wenye madaftari yaliyofichwa chini ya magodoro, mitaani mwote. Mrudishe yule kondakta, Bwana, pamoja na nyumba yake. Walinde mama zetu wanaokesha, na uwape watoto wetu kuujua moto wao. Amina.

Mpendwa, kama kuna kijana aliyeondoka kanisani kwa sababu hakuna aliyemsikiliza, usimtumie ujumbe huu kwanza. Mpigie simu. Muulize bado anaandika?

Mungu awabariki. Tuonane Jumapili.